Benshi: mutu mwenye anasimama karibu na picha



Mimi niko na lisanse ya kilimo na ninatumika Ubundu. Siku moja nilishuka Kisangani kutafuta mbegu, rafiki akanivuta kwenye mafundisho juu ya sinema ya kwanza ya Japani na katuni zake. Nilienda kupumzisha kichwa tu. Kumbe nilikuwa naenda kujifunza kazi yangu.

Walituonyesha Namakura Gatana, katuni ya 1917 ya Kōuchi Jun'ichi. Ni dakika chache tu: samurai ananunua upanga butu, anataka kuujaribu kwa watu wa njiani, halafu ni yeye mwenyewe anapigwa. Watu walifikiri ilipotea kabisa, mpaka kopi moja ikapatikana Osaka kwenye soko la vitu vya zamani. Habari ilitangazwa 2008. Filme mingi za wakati ule ziliisha kwenye tetemeko kubwa la ardhi lenye lilipiga Tokyo 1923.

Mara ya kwanza tuliitazama kimya, maana haina sauti. Watu wawili watatu njo walicheka. Kisha mwalimu akairudisha, akasimama kando ya picha na kuanza kusema: sauti ya samurai, sauti ya muuza panga, na maelezo kati. Sale yote ikalipuka kwa kicheko! Picha ilikuwa ileile.

Kule Japani, ile ilikuwa kazi ya mutu, na jina lake benshi. Watu walilipa kiingilio juu ya kusikia benshi fulani, sawa vile walivyofuata nyota wa filme. Ndiyo maana filme bila sauti zilidumu kule mpaka miaka ya 1930 ikielekea mwisho.

Hata kwetu, wakati wa Wabelgiji, filme za mapadri na za serikali zilionyeshwa na musemaji kando, mwenye kueleza kwa luga ya watu. Lakini ni wenye kuleta filme njo walichagua yenye atasema.

Na picha inakubali kila jina. 1951, John Huston alikuja kupiga The African Queen kwenye muto Ruiki, karibu na Ponthierville, ni kusema Ubundu yetu. Ndani ya filme ule muto unaitwa Ulanga, na inchi ni Afrika ya Mashariki ya Wajerumani! Maji ni yetu, pori ni letu, lakini dunia mzima iliambiwa ni kwingine.

Sasa shamba. Mbele ya ile safari nilikuwa nimeonyesha kikundi cha wamama video ya Kifaransa kwenye telefone, juu ya mozaiki ya muhogo. Waliona mutu anangoa miti na kuitupa. Mama mumoja akaniambia: "Agronome, mwanangu, tukingoa yote, watoto watakula nini?" Walielewa kwamba ninawaomba kumaliza shamba. Ningewaacha vile, wangenikimbia ao wangelala njaa juu yangu.

Niliporudi kutoka Kisangani, niliondoa sauti. Nilisimamisha picha kila pahali: "Angalieni hili jani, limejikunja, liko na madoa ya manjano. Ugonjwa unaletwa na vidudu vidogo vyeupe, lakini unasafiri pia ndani ya vijiti vyenye tunapanda. Ngoa muti wenye kugonjwa ungali mudogo. Vijiti vya kupanda, kata kwenye muti wenye majani mazuri." Mara ya pili ule mama alininyanganya kazi. Yeye njo alieleza, na mifano ya shamba lake, na mambo ya shimeji wake mwenye anapanda kila kijiti chenye anaokota. Walicheka, na waliuliza maulizo ya kweli.

Sisi wenye diplome tunapenda kutuma video, PDF, mapicha, halafu tunasema "watu hawafuate." Kazi haiishe kwa kuonyesha. Mutu anapaswa kusimama kando, aseme kwa luga ya wenye kutazama, na akubali kuwaachia nafasi waseme.

Wewe, kwenye kazi yako, ni picha gani umeacha bila musemaji?