Je, Wajua? Baba, Binti na Nchi

Je, wajua kwamba Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alijipatia nchi kwa hadithi ya mwanamke? Miaka ya 1870, kabla hajaufanya mji wa Kasongo kuwa makao yake, alifika Utetera, katika Kongo ya leo. Huko alisikia kwamba dada wa mtemi Kasongo Rushie alitekwa zamani, asirudi tena. Akajitangaza kuwa mjukuu wa huyo dada. Mzee akaamini, akamkabidhi utawala. Kisa hiki tunacho kwa Kiswahili, kama alivyokisimulia mwenyewe katika habari za maisha yake, zilizotolewa na Heinrich Brode kuanzia 1902. Kila nikikisoma namtafuta yule mama. Nchi imedaiwa kwa damu yake, lakini yeye hasemi neno.

Na Kabambare, hukohuko Kongo, je, hakuna mama kama huyo? Wasifu rasmi wa Joseph Kabila, rais wa zamani wa Kongo, unasema mama yake, Sifa Mahanya, ni Mbangubangu, wa watu wa huko Kabambare. Ni wangapi Kinshasa wanaolikumbuka jina la Sifa kama wanavyolikumbuka la baba, Mzee Laurent Kabila?

Je, wajua kwamba binti alitangulia kuandika? Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana wa jumba la Sultani walifundishwa kusoma tu. Kumbukumbu zake zilitoka Berlin mwaka 1886, miaka 16 kabla ya zile za Tippu Tip. Baba yake, Seyyid Said, yumo humo kama mtawala, lakini yumo pia kama mzazi anayependwa na kuogopwa. Hapo ndipo ninapoona mlango uliofunguliwa kwa waandishi wanawake waliofuata: kumtazama mwenye nchi akiwa nyumbani kwake.

Grace Ogot wa Kenya aliingia mlango huo kwa ukali zaidi. Katika hadithi yake "The Rain Came", mtemi Labong'o anaambiwa mvua haitanyesha mpaka binti yake Oganda atolewe kwa zimwi la ziwani. Baba analia, lakini anamtoa. Kijiji kinashangilia! Anayemwokoa ni mpenzi wake, Osinda, na mvua inanyesha vilevile. Basi kafara ile ilikuwa ya nini?

Yvonne Adhiambo Owuor anaibeba hoja hiyo hadi Kenya huru. Katika riwaya yake Dust, Nyipir, polisi wa zamani, amebeba siri za enzi ya Mau Mau na za mwaka 1969, Tom Mboya alipouawa. Binti yake Ajany anarudi kutoka Brazili baada ya kaka yake kupigwa risasi Nairobi, naye anakataa kuzika bila kuuliza. Mimi naiona kuwa riwaya kali kuliko zote za Afrika Mashariki kuhusu kimya cha baba.

Na je, wajua kwamba Juliana Lumumba, aliyekuwa na miaka 5 baba yake, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alipouawa Januari 1961, ndiye aliyemwandikia mfalme wa Ubelgiji mwaka 2020 kudai mabaki yake? Lilikuwa jino moja. Lilirudishwa Juni 2022, likazikwa Kinshasa.