KALAMU YA KIINGEREZA NA MKULIMA WA DODOMA

Chimwaga, nje kidogo ya mji wa Dodoma, ndipo ulipo ukumbi ambamo Chama kilifanya mikutano yake mikubwa. Na tangu mwaka 2007 mahali hapo pamekuwa makao ya Chuo Kikuu. Leo twataka kusema juu ya shida moja inayowakabili vijana wetu wasomao shahada za juu, hapo na katika vyuo vingine vya nchi: shida ya kuandika tasnifu kwa Kiingereza.

Shida hii haikuzaliwa na uvivu. Tangu mwaka 1967 mtoto wa shule ya msingi ya Serikali hufundishwa kwa Kiswahili. Afikapo sekondari, karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza ghafula. Basi hunakili ubaoni, hukariri, naye hufaulu. Miaka inapita, siku moja aambiwa aandike kitabu kizima kwa maneno yake mwenyewe. Atayatoa wapi, naye hakufunzwa ila kukariri ya wenzake?

Wako wasemao kwamba kijana huyo hajui Kiingereza, na hapo maneno yameisha. Twasema hayajaisha. Uandishi wa kitaaluma ni ufundi wenye kanuni zake, kama useremala. Mzee wetu aingiapo barazani huanza kwa salamu, akauliza habari za mvua na ng'ombe, na jambo lenyewe hulitoa mwisho. Huo ni uungwana. Tasnifu ya Kiingereza hutaka jambo lenyewe litangulie, kila aya ibebe wazo moja, wazo la mtu mwingine litajwe mwenyewe, na mwandishi asidai zaidi ya ushahidi alio nao. Hata Mwingereza hakuzaliwa na kanuni hizi. Vyuo vya kwao huwafundisha vijana wao. Kwa nini wetu waachwe wazibahatishe, kisha wachekwe?

Lakini tusidhani kwamba Kiingereza safi ni elimu safi. Watu wa Kongwa wanalo fundisho. Mwaka 1946 wajumbe kutoka Uingereza walizunguka kwa majuma tisa, wakaandika ripoti juu ya kilimo kikubwa cha karanga. Waliandika kwa lugha ya mama zao. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kazi Kongwa. Mvua ikakosekana, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, na ilipofika Januari 1951 mpango ukaachwa, hasara ikiwa kiasi cha paundi milioni 36. Mkulima wa Kigogo, aliyeijua mvua ya kwao, hakuisoma ripoti ile wala hakuiandika.

Na leo je? Mwanafunzi huenda kwa mkulima wa zabibu au wa mtama, akamwuliza maswali kwa Kiswahili, akajibiwa kwa Kiswahili, kisha akayaandika yote kwa Kiingereza na kuyafungia katika maktaba. Aliyetoa maarifa hayapati tena. Hilo ni deni, na kodi ya mfanyakazi ndiyo inayolilipia.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, ufundi huu ufundishwe tangu mwaka wa kwanza wa chuo, wala usingojewe hata siku ya kuwasilisha tasnifu. Pili, msimamizi asiandike tu kwamba Kiingereza ni kibovu. Aonyeshe kosa na sababu yake. Tatu, kila tasnifu iliyotokana na maneno ya wanakijiji iache kwao muhtasari wa Kiswahili, usomwe katika mkutano wa kijiji.

Nanyi wanafunzi, msinunue tasnifu kwa waandishi wa kukodi. Anayeandikiwa na mwingine ameiba mara mbili: amewaibia wenzake shahada, na taifa mtaalamu.

Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh tangu 1949 hata 1952, akakimudu Kiingereza sawasawa. Mwaka 1963 tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar ilitolewa, watu wetu wakausoma kwa Kiswahili. Alikwenda mbali kuchota, lakini mtungi aliurudisha nyumbani. Vijana wa Chimwaga, fanyeni vivyo hivyo.