Mkono Hutangulia Kitabu



Nimekuwa nikifundisha watoto Kurani hapa mjini Arusha kwa miaka mingi, na umri wangu sasa umepita hamsini. Elimu yangu si kubwa: nilisoma chuoni Kurani, nikasoma na shule ya msingi, basi. Lakini mtu akikaa na watoto muda mrefu, watoto nao humfundisha. Leo napenda kuwaeleza jambo nililofundishwa na mtoto wa miaka 5, tena baada ya mimi kumkosea.

Mtoto huyo aliletwa madrasa na mama yake. Herufi zote aliziimba, toka alifu hata ye, kwa sauti nzuri na bila kuruka hata moja. Nikafurahi, nikadhani nimepata mwanafunzi mwepesi. Lakini nilipomwandikia herufi moja ubaoni na kumwuliza, "Hii ni nini?" akanyamaza. Be akaiita te, na te akaiita nuni. Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya pili nikamkaripia. Siku ya tatu nikamchapa fimbo kiganjani. Siku ya nne hakuja, wala ya tano.

Lilipopita juma zima nikaenda kumtafuta mama yake, ambaye huuza nafaka na nyanya katika Soko la Kilombero. Nikamkuta mtoto amekaa juu ya gunia, na mbele yake ungo wa maharage yaliyochanganyika. Alikuwa akiyatenga: mekundu huku, ya njano kule, yenye madoa mahali pake, na vijiwe akivitupa. Mikono yake ilikwenda upesi kama ya mtu mzima, wala hakukosea. Alipomaliza akampangia mama yake nyanya mafungu mafungu, kila fungu nyanya 4, bila kuambiwa.

Mama akaniona, akasema, "Shikamoo, Ustadhi." Nikaitikia, "Marahaba." Kisha akaniambia kwa adabu, "Mwanangu si mjinga, Ustadhi. Ila yeye mpaka akishike kitu ndipo akijue."

Ndugu msomaji, niliona haya. Jicho linaloweza kupambanua harage na harage lingeshindwaje kupambanua be na te? Kosa halikuwa la mtoto. Mimi nilianzia ubaoni, naye alikuwa tayari kuanzia katika ungo.

Nikaomba gao moja la maharage. Nikachutama, nikasawazisha vumbi kwa kiganja, nikachora kwa kidole umbo mfano wa mashua. Nikaweka harage 1 chini yake, nikamwambia, "Hii ni be." Nikaliondoa, nikaweka 2 juu: "Hii ni te." Nikaongeza la 3: "Na hii ni the." Mtoto akacheka, akaninyang'anya maharage, akafanya mwenyewe. Kabla sijainuka alikuwa amezijua herufi 3 ambazo fimbo yangu haikuweza kumfundisha. Nikamwomba radhi yeye na mama yake.

Toka siku hiyo nimekuwa nikitafakari jinsi tunavyowaanzisha watoto wetu. Wazazi wengi wadhani kwamba elimu huanza mtoto anapopewa daftari, na kwamba kabla ya hapo anapoteza wakati tu. Napenda kuonyesha kwamba sivyo: mkono wa mtoto hutangulia kitabu, na nyumba ndiyo madrasa yake ya kwanza.

Dalili katika dini yetu

Jambo hili si geni katika Uislamu. Twasoma katika Sura ya Al-Maida kwamba mwana wa Adamu alipomwua ndugu yake, hakujua afanye nini na maiti. Mwenyezi Mungu akampeleka kunguru akifukua ardhi, ili amwonyeshe namna ya kuzika. Somo hilo la kaburi, mwanadamu hakulipata kwa maneno, bali alilipata kwa kuona na kutenda.

Mtume wetu (s.a.w.) aliwaagiza Masahaba wasali kama walivyomwona yeye akisali. Siku nyingine, alipotaka kuwaeleza habari za mwanadamu, matumaini yake na ajali yake, aliwachorea mistari chini wakaitazama. Basi aonaye kwamba kuchora mchangani ni mchezo usiofaa kwa mwalimu, na akumbuke nani aliyetangulia kufanya hivyo.

Wala Mtume hakuwachukia watoto kwa michezo yao. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba alikuwa na wanasesere, na rafiki zake wakija kucheza naye. Abu Umair, mtoto mdogo, alikuwa na kindege chake. Kilipokufa, Mtume alimwuliza habari zake kwa upole ili kumliwaza. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika katika Ihya kwamba mtoto atokapo chuoni apewe ruhusa ya kucheza mchezo mzuri apumzike, kwani kumzuia mchezo na kumshurutisha masomo daima huufisha moyo wake na kuzima akili yake.

Tena tumefundishwa kuwaamrisha watoto wetu sala wafikapo miaka 7. Je, miaka inayotangulia ni ya nini? Mkulima wa Meru hapandi mahindi kabla ya kutayarisha shamba. Miaka hiyo ni ya kutayarisha shamba.

Waislamu wenzetu wa pwani

Katika miaka ya 1980 Waislamu wa pwani ya Kenya walisikitika kuona watoto wao wakiingia shule za serikali bila ya kutayarishwa, na kubaki nyuma ya wenzao. Hawakutaka kuchagua baina ya dini na shule. Kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, mwaka 1986 ukaanzishwa mjini Mombasa mpango wa shule za awali zilizofungamana na madrasa, na miongoni mwa walioubeba toka mwanzo ni mwalimu Bi Swafiya Said. Mpango huo ukaenea Unguja mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Jambo la kuzingatia ni vifaa vyao. Walitumia vile vilivyo karibu: vifuu vya nazi, kombe za pwani, mbegu, vizibo vya chupa na vitambaa. Mtoto alishika, akapanga, akahesabu, huku akijifunza dua na adabu za dini yake. Hata kule Ulaya, daktari wa Kitaliano Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za karatasi ya msasa wazipapase kwa vidole kabla ya kushika kalamu. Na hapa kwetu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, kwa muda usiopungua mwaka 1. Lakini hakuna darasa linaloweza kushika mahali pa nyumba.

Sisi wa Arusha hatuna kombe za pwani. Tuna maharage, mahindi, udongo mwema wa mlima, na majani makavu ya migomba. Yatosha.

Kazi za kumpa mtoto

La kwanza, kutenga na kuhesabu. Unapochambua maharage au mchele, mpe mtoto sehemu yake katika sahani. Atenge kwa rangi, kisha kwa ukubwa. Baadaye ahesabu kumi kumi kwa vizibo vya chupa. Akishika vizibo 10 kwa mikono yake mara nyingi, siku atakapoiona namba 10 daftarini atakuwa amekwisha kuifahamu.

La pili, kupima. Mpe kikombe, kopo na ndoo yenye maji kidogo. Mwulize: vikombe vingapi vitajaza kopo? Sokoni mwonyeshe sado na debe, umwulize swali lile lile. Wazee wetu walijua kwamba vibaba 4 ni pishi 1, na katika fikihi mudi 4 ni saa 1, kipimo cha Zaka ya Fitri. Mtoto aliyepima kwa mikono yake hatapata taabu kuyafahamu haya. Naye Mtume alitawadha kwa kiasi cha mudi 1. Basi mfundishe mtoto kutawadha kwa kopo dogo, kiungo baada ya kiungo, bila israfu. Hapo amejifunza utaratibu, kiasi na ibada kwa pamoja.

La tatu, udongo. Mtoto afinyangaye udongo hupata nguvu ya vidole, na bila nguvu hiyo kalamu humteleza. Afinyange vikombe, vyungu na nyumba, kisha avingirishe kamba nyembamba aikunje iwe alifu, be, jimu. Mzazi mwenye kuchelea sanamu za viumbe asihangaike. Vitu visivyo na roho ni vingi.

La nne, sinia la majivu. Tandaza majivu yaliyopoa kabisa, au mchanga mkavu, katika sinia. Mtoto aandike kwa kidole, akikosea atikise sinia, kosa limekwisha. Hakuna karatasi iliyoharibika wala sababu ya kugombezwa. Tia maharage yawe nukta, kama nilivyofanya mimi sokoni.

La tano, kusuka na kutunga. Majani makavu ya mgomba husukwa kamba. Vitambaa vikuukuu hufungwa vikawa mpira. Shanga hutungwa moja nyekundu, moja nyeupe. Kufuata mpangilio ni mwanzo wa hesabu.

La sita, kivuli. Simika kijiti uani siku ya jua. Kila baada ya muda mtoto aweke jiwe mahali kivuli kinapoishia. Ataona kivuli kirefu cha asubuhi kikifupika, kisha kikianza kurefuka upande wa mashariki. Mwambie kwamba hapo jua limepinduka na Adhuhuri imeingia. Mkifanya hivyo mwezi wa Juni, mtaona kivuli cha katikati ya mchana kikiangukia kusini. Mkirudia Desemba, kitaangukia kaskazini, kuelekea Mlima Meru. Kisha msimamishe aelekee kibla. Kutoka hapa mjini kibla ni kaskazini, kikiinama kidogo tu mashariki, na kilele cha Meru kiko mbele yetu upande wa kuume. Mtoto aliyejua hivyo hataupotea upande wa sala katika mji wake.

Tahadhari

Kazi hizi zataka macho ya mkubwa. Watoto wachanga hutia kila kitu kinywani, na wakubwa kidogo hujitia maharage puani na masikioni. Basi aliye chini ya miaka 3 asipewe punje ndogo wala shanga. Maji ya ndoo, hata yakiwa machache, yaweza kumzamisha mtoto, mwaga ukimaliza. Jiko la mkaa liwe mbali, na betri ndogo za saa zifichwe.

Na simu? Mama aliyechoka humpa mtoto simu anyamaze. Simlaumu, kwani twachoka sote. Lakini Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Katika simu kidole husugua kioo tu. Hakipati uzito, wala ubaridi, wala ukwaruzo wa kitu.

Neno moja kwa akina baba. Msiseme kwamba haya ni ya akina mama. Bi Aisha alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Baba akirudi kutoka kazini na kukaa chini na mwanawe robo saa tu, wakatenga maharage ya chakula cha usiku, amefanya kazi tukufu. Nanyi vijana, mlio na wadogo zenu nyumbani, msiwafukuze wanapotaka kushika mnachoshika.

Mwisho

Yule mtoto alirudi madrasa. Sasa anasoma Juzuu Amma kwa kutazama, na ana subira na wadogo zake kuliko niliyokuwa nayo mimi. Fimbo yangu nimeiweka. Katika kona ya darasa pana sinia la majivu na kopo la maharage, na wageni wakija huuliza kama twapika. Nawajibu, naam, twapika.

Lakini kila nikilitazama kopo lile nawakumbuka wengine, waliopita mikononi mwangu miaka ya nyuma, wakanyamaza, wasirudi. Nami sikuwafuata sokoni. Sijui wangapi kati yao walikuwa wakingoja kitu cha kushika. Mwenyezi Mungu anisamehe kwa ajili yao, na atujaalie sote kuwalea watoto wetu kwa rehema na hekima. Amin.