Nyumba, umbali na sekondari: hesabu ya familia inayohamia Ngara

Familia inayohamia wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, hukutana na maamuzi mawili ya fedha kwa wakati mmoja: ipange wapi, na watoto wa sekondari wasome wapi. Marekani maamuzi hayo ni kitu kimoja. Shule za umma za huko hutegemea kwa sehemu kubwa kodi ya majengo inayokusanywa katika eneo lenyewe, hivyo nyumba iliyo ndani ya mpaka wa shule nzuri huuzwa ghali kuliko nyingine ya aina hiyohiyo iliyo nje ya mpaka. Tanzania mambo hayaendi hivyo. Mshahara wa mwalimu wa serikali hutoka Hazina, ruzuku ya elimu bila ada hutoka serikali kuu, na nafasi ya kidato cha kwanza hupangwa chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI, kwa kufuata shule ambako mtoto amefanyia mtihani wa darasa la saba. Kupanga nyumba karibu na shule hakumhakikishii mtoto nafasi katika shule hiyo. Kunampunguzia mwendo, kunampa mlo wa mchana, taa ya kusomea usiku na mtu wa kuuliza kwa nini amechelewa kurudi. Katika wilaya ya vilima yenye vijiji vilivyotawanyika kama Ngara, mambo hayo yana gharama inayoweza kupigiwa hesabu.

Wanaohamia wilaya hii ni wa aina chache zinazojulikana. Wapo watumishi wa umma, walimu, wauguzi na maafisa ugani, ambao barua ya uhamisho huwafikisha mahali wasipopachagua. Wapo wa mpakani: mawakala wa forodha, madereva, mafundi na wenye maduka wanaofuata malori ya kwenda Kigali kupitia Rusumo, ambako kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa mwaka 2016, na ya kwenda Bujumbura kupitia Kabanga. Tangu Oktoba 2021, leseni maalumu ya uchimbaji ilipotolewa kwa mradi wa nikeli wa Kabanga ambao serikali ina hisa ya asilimia 16, wameongezeka pia wanaofuata ajira ya mgodi au biashara itakayouzunguka.

Ngara imeshaona soko la nyumba likipanda na kushuka kwa sababu ya wageni wenye mshahara. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo katika muda wa takriban siku moja, kambi ya Benaco ikazaliwa, na mashirika ya misaada yakaja na wafanyakazi, magari na mahitaji ya nyumba. Kodi mjini zilipanda hadi mtumishi wa kawaida akapata shida kulipa. Kambi za Wanyarwanda zilipofungwa Desemba 1996 na mashirika kuanza kupungua, mahitaji hayo nayo yakapungua. Jirani zao wa Biharamulo waliona jambo linalofanana kwa kipimo kidogo zaidi kwenye mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, uliofunguliwa mwaka 2005 na ambao wawekezaji wake wa kwanza waliuacha mwaka 2013, ukachukuliwa na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO. Mwenye kununua kiwanja leo kwa kutegemea nikeli anapaswa kuikumbuka historia hiyo. Mwenye mtoto wa sekondari ana sababu zaidi ya kuikumbuka, maana masomo ya kidato cha kwanza hadi cha nne huchukua miaka minne, na mtoto haachi shule kwa sababu bei ya madini imeshuka.

Nyumba za kupanga zenye umeme na maji ziko zaidi Ngara mjini, Kabanga, Rulenge na katika vituo vya biashara vilivyo kando ya barabara ya Lusahunga hadi Rusumo. Huko mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, mara nyingi sita, na dalali naye ana haki yake. Kata ya Ntobeye ni soko la namna nyingine. Ni kata ya wakulima, nchi ya migomba, maharage na kahawa, na nyumba za kupangisha ni chache. Mgeni hamtafuti dalali. Humwendea mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, na mara nyingi hukuta mwalimu au muuguzi ameshaichukua nyumba iliyo bora. Anachokipata kwa kodi ndogo ni nafasi: ua, pengine kipande cha kulima, na chakula kinachonunuliwa kwa mkulima mwenyewe. Kwa familia yenye watoto wanne tofauti hiyo si ndogo.

Upande wa shule, karibu kila familia ya kipato cha kawaida huanzia kwenye sekondari ya kata. Shule hizi zilienea nchi nzima kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, na nyingi ni za kutwa. Hadi mwaka 2015 ada ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa kutwa na 70,000 kwa bweni la serikali. Ilifutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016, na kwa kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Kilichobaki kwa mzazi ni sare, madaftari, mahindi na maharage ya chakula cha shule pale wazazi walipokubaliana, na usafiri. Hapo kwenye usafiri ndipo familia nyingi hukosea hesabu.

Mtoto anayeishi mbali na shule ya kutwa ana njia tatu. Anaweza kutembea, na katika vilima vya Ngara mwendo unaoonekana mfupi kwenye ramani huwa saa nzima ya kupanda na kushuka, kwenye matope tangu mvua za vuli hadi za masika. Anaweza kupanda bodaboda, ambayo kwa mwaka wa masomo wenye siku 194 hugeuka kuwa gharama kubwa kuliko ada yoyote iliyofutwa. Au anaweza kupangishiwa chumba karibu na shule, gheto kama wanafunzi wanavyoliita, akajipikia na kujilinda mwenyewe akiwa na miaka 14. Njia hii ya tatu ndiyo iliyoharibu masomo ya wengi, hasa wasichana. Mtoto hukosa usimamizi, fedha ya chakula huisha kabla ya mwezi, na wapo watu wazima wanaolijua pengo hilo na kulitumia. Nafuu ya kodi inayopatikana kwa kuishi mbali haiwezi kulipia hasara hiyo. Pale shule inapokuwa na hosteli iliyojengwa kwa nguvu za wananchi au serikali, mchango wa hosteli ni bora mara nyingi kuliko gheto, hata mzazi akilazimika kuuza mkungu wa ndizi kila wiki ili aulipe.

Ipo pia njia ya shule za bweni za watu binafsi na za madhehebu. Kanisa Katoliki, lenye jimbo lake la Rulenge-Ngara, na Kanisa Anglikana, ambalo makao ya dayosisi yake ya Kagera yako Murgwanza, yamekuwa na mchango mkubwa katika elimu na afya ya wilaya hii. Familia iliyoamua kulipa ada ya bweni imejitenga na suala la kata: inaweza kuishi Ntobeye, mpakani au hata Dar es Salaam. Kosa ni kulipa mara mbili, yaani kodi ya juu ya mjini kwa ajili ya shule na ada ya bweni kwa mtoto yuleyule.

Kuipima shule yenyewe kunahitaji subira. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, liliacha kutangaza shule kumi bora, orodha iliyozoeleka kubeba majina ya Kemebos na Kaizirege za Bukoba. Matokeo ya kila kituo bado hutolewa, na mzazi anaweza kuyasoma mwenyewe. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, na sifuri ni 34 na 35. Asilimia ya ufaulu hudanganya kwa sababu inahesabu daraja la nne kama kufaulu. Lenye maana zaidi ni wangapi wamepata la kwanza hadi la tatu kwa miaka mitatu mfululizo. Pia ilinganishwe idadi ya waliofanya upimaji wa kidato cha pili na ya waliofika mtihani wa kidato cha nne miaka miwili baadaye. Shule inayopoteza watoto njiani inaweza kuonekana nzuri kwa waliobaki.

Baada ya karatasi, waulizwe walimu. Shule nyingi za vijijini hazikosi mwalimu wa Kiswahili au historia. Hukosa wa hisabati na fizikia. Kijiji chenye nyumba za walimu hukaa nao muda mrefu kuliko kijiji ambako mwalimu husafiri kila asubuhi kutoka mjini, na hii ni dalili inayoweza kuonekana kwa macho ya mgeni siku ya kwanza. Maabara yenye milango iliyofungwa kwa kufuli lenye kutu ni dalili nyingine.

Wakati wa kuhama una uzito sawa na mahali. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na anayehamisha mtoto wake kabla ya hapo humweka katika orodha ya wilaya mpya tangu mwanzo. Anayehama baadaye huomba uhamisho, na kibali hutegemea nafasi katika shule anayoitaka. Mtoto akishasajiliwa kwa upimaji wa kidato cha pili au mtihani wa kidato cha nne, kumhamisha ni kujitafutia matatizo. Kwa kidato cha tano mtaa haujalishi tena: serikali huwapanga wanafunzi kitaifa kwa tahasusi, yaani michepuo ya masomo, na kijana wa Ntobeye anaweza kupelekwa Ihungo, Rugambwa au mkoa wa mbali kabisa.

Kwa wenye watoto wa msingi lipo jambo lililo karibu. Chini ya sera ya elimu iliyoboreshwa mwaka 2023, walioanza darasa la kwanza mwaka 2022 watahitimu wakiwa darasa la sita mwaka 2027, mwaka mmoja na wale wa darasa la saba waliowatangulia. Makundi yote mawili yatahitaji madawati ya kidato cha kwanza Januari 2028. Kata yenye madarasa ya ziada na walimu wa kutosha kabla ya siku hiyo itakuwa na thamani ambayo soko la nyumba bado halijaiona.

Kwa familia yenye mtoto wa shule ya kutwa, basi, nyumba ya kawaida iliyo ndani ya nusu saa ya mwendo hadi kwenye sekondari yenye walimu wa sayansi ni bora kuliko nyumba nzuri iliyo mbali, iwe Ngara mjini au Ntobeye. Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, mzazi aende shuleni siku ya masomo, saa nane mchana, aone kama watoto wamekula na kama kuna mwalimu darasani.