Nani amlishe kasisi maskini?

Jumapili moja nilisafiri kwa matatu kutoka Thika kwenda Ruiru. Kando yangu aliketi kasisi mmoja, kola nyeupe shingoni, Biblia mapajani, viatu vyake vimeshonwa na kushonwa tena. Alikuwa ametoka kuongoza ibada ya alfajiri na sasa aliiwahi ya pili. Nilipomdadisi kuhusu riziki yake, alicheka. “Ndugu yangu,” alisema, “mimi hutegemea bahasha za sadaka. Mvua ikinyesha Jumapili asubuhi, watoto wangu hulala njaa Jumatatu.”

Maneno hayo yalinichoma moyo. Tunamtaka mtu huyu azike wafu wetu, afungishe ndoa zetu na kuwaonya wakubwa wetu, ilhali hatujiulizi amekula nini.

Swali hili si geni. Huko Uingereza, kila kasisi aliyepewa parokia alitozwa malimbuko, yaani mapato yake ya mwaka wa kwanza, kisha fungu la kumi kila mwaka. Fedha hizo zilimwendea Papa hadi mwaka wa 1534, Mfalme Henry wa Nane alipozitwaa. Mnamo 1704, Malkia Anne aliridhia zirudi kanisani ziwafae makasisi fukara, ambao wengi wao hawakupata hata pauni 50 kwa mwaka. Bunge likapitisha sheria, na mfuko ukaundwa ukiitwa Fadhila ya Malkia Anne.

Mfuko huo haukugawa peremende. Parokia maskini ilitengewa pauni 200 za kununulia ardhi, ili kasisi na warithi wake wapate mapato ya kudumu. Baadhi ya parokia zilichaguliwa kwa kura. Nyingine zilitangulizwa kwa sababu mfadhili alikuwa ameongeza pauni 200 zake.

Hata hivyo, msomaji mpenzi, asali hiyo ilikuwa na nyuki wake. Sehemu ya akiba ya mfuko iliwekezwa katika Kampuni ya South Sea, iliyosafirisha maelfu ya Waafrika utumwani. Mfuko uliunganishwa na chombo kingine mwaka wa 1948, wakazaliwa Makamishna wa Kanisa. Hao ndio waliokiri uovu huo hadharani na, mwaka wa 2023, kuahidi pauni milioni 100 za kutibu jeraha hilo. Kumbe kasisi maskini aweza kulishwa kwa jasho na damu ya maskini mwenzake bila yeye kujua!

Hapa kwetu, Bunge haliwezi kumwiga Malkia Anne. Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 chasema hakuna dini ya taifa, nami naona ni vyema. Lakini pengo lililobaki limejazwa na nani? Limejazwa na mwanasiasa mwenye mkoba. Mnamo Novemba 2024, Rais William Ruto alitoa fedha katika Kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, zikiwemo shilingi milioni 2 za kujengea padri nyumba. Siku iliyofuata, Askofu Mkuu Philip Anyolo, ambaye jimbo lake lafika Ruiru na Thika, aliagiza zirejeshwe.

Nilimpongeza, na bado nampongeza. Lakini ushujaa wa kurudisha fedha haumjengei padri nyumba. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na mhubiri anayetegemea cha mheshimiwa hufa bubu.

Basi mzigo ni wetu sisi tuketio vitini. Kando ya barabara kuu ya Thika yamechipuka makanisa ya vigae yenye maegesho yaliyojaa magari. Hatua chache nyuma yake, katika vijiji vya vibarua wa kahawa na mananasi, yapo ya mabati. Kwa nini sadaka ya vigae isisaidie mchungaji wa mabati, kupitia mfuko mmoja wenye kanuni, ambao hesabu zake husomwa mbele ya waumini na chimbuko la kila shilingi hujulikana? Haba na haba hujaza kibaba.

Yule kasisi aliposhuka Ruiru, wingu zito lilikuwa limetanda. Aliinua macho akalitazama, kisha akakaza mwendo. Mimi nilibaki nikiomba mvua ichelewe, hali nikijua kwamba mkulima aliye jirani alikuwa akiiomba inyeshe. Si haki riziki ya mtumishi wa Mungu iwekwe baina ya dua mbili kama hizo.