Feni ya Umeme kwenye Land Rover ya Zamani: Tupige Hesabu Kwanza



Wenzetu wa pwani ya Tungue, kuanzia Palma hadi karibu na mto Ruvuma, wanaijua kazi ya kuendesha gari kukuu kwenye mchanga na, mvua zikinyesha, kwenye maji. Injini ikichemka njiani, anayelaumiwa kwanza ni dereva. Ndiyo maana wengi huuliza: je, tuondoe feni ya mkanda tuweke ya umeme?

Jibu letu ni ndiyo, kwa masharti.

Feni ya zamani huzungushwa na mkanda, na mwendo wake hufuata mwendo wa injini. Gari likisimama linaunguruma huku mizigo ikishushwa, upepo wake ni mdogo. Gari likiingia majini, feni hurusha maji kwenye distribyuta na plagi, injini ikazima. Feni ya umeme huzunguka kwa nguvu hata injini ikiwa taratibu, na kwa swichi dereva huizima kabla ya kuvuka maji. Mkanda wenyewe lazima ubaki, kwa kuwa ndio unaozungusha pampu ya maji na kuchaji betri.

Sasa hesabu. Feni ya kawaida hula kama ampea 15. Taa mbili kubwa za wati 60 kila moja hula ampea 10. Mfumo wa kuwasha cheche hula kama 4. Jumla ni 29. Dinamo ya Land Rover za miaka ya 1960 hutoa takriban ampea 22 tu, tena injini ikiwa na kasi. Hapo betri italiwa usiku mmoja. Mwenye dinamo atafute altaneta kwanza. Altaneta za mwanzo za Series III, gari lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, zilitoa takriban ampea 34. Zinatosha, lakini kwa shida.

Katika kufunga, tuzingatie haya:

1. Tusafishe rejeta kwanza, tukague thamostati na pampu. Feni haiponyi rejeta iliyoziba. Maji ya kisima chenye chumvi yanaila kwa ndani. Tutumie maji ya mvua au maji safi.

2. Feni ikikaa nyuma ya rejeta ivute upepo; ikikaa mbele iusukume. Ikizunguka kinyume itapigana na upepo wa njiani.

3. Umeme upite kwenye rilei na fyuzi, kwa waya mnene, wala si kwenye swichi ndogo ya dashibodi. Fyuzi ikae karibu na betri. Swichi ya joto iwashe feni kwenye nyuzi 90 hivi.

4. Waya wa bodi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, kisha upakwe grisi. Hewa ya bahari ina chumvi, na kutu ndiyo chanzo cha hitilafu nyingi.

5. Tukague kwanza ncha ipi ya betri imefungwa kwenye bodi. Magari mengine ya Kiingereza ya zamani yalifungwa chanya.

La mwisho ndilo kubwa. Feni ya mkanda ikisimama imesimama. Feni ya umeme iliyoungwa moja kwa moja na betri yaweza kuwaka yenyewe injini ikiwa imezimwa, joto likipanda, na vidole vya fundi vikiwa ndani. Kwa hiyo kabla ya kuingiza mkono tuchomoe waya wa betri. Vilevile tusifungue kifuniko cha rejeta ya moto.

Mwenye gari anayetaka feni ya umeme agharimie pia rilei, fyuzi na altaneta. Fundi asikubali kufunga nusu ya kazi kwa sababu tajiri ana haraka, na dereva asikatwe mshahara kwa injini iliyochemka kwa ubahili wa mwingine. Tushikamane katika hilo.