Maumivu ya Kinena Baada ya Upasuaji wa Kuinua Shingo ya Kibofu: Tatizo Nadra na Majina Yanayolificha

Upasuaji wa kibofu cha mkojo kwa wanawake una matatizo yake yanayofahamika: kutokwa damu, maambukizi ya njia ya mkojo, na kushindwa kukojoa kwa siku chache baada ya mpira wa mkojo kutolewa. Haya mgonjwa huelezwa kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, na muuguzi wa wodini huyatarajia. Makala haya yanashughulikia tatizo la namna nyingine, ambalo ni nadra, huchelewa kujitokeza, na hujitokeza mahali ambapo mgonjwa mwenyewe hapahusishi na kibofu. Tatizo hilo ni kuvimba kwa mfupa wa kinena na kiungo chake, hali ambayo kitaalamu huitwa osteitisi ya kinena. Hoja inayojengwa ni kwamba ugumu wa kulitambua hautokani na uchache wake pekee, bali pia na jina ambalo maumivu hupewa mgonjwa anapoyaeleza kwa mara ya kwanza.

Kibofu hukaa nyuma ya mifupa miwili ya kinena, ambayo hukutana mbele kwa kiungo cha gegedu. Kati ya mifupa hiyo na kibofu kuna nafasi finyu yenye mafuta na mishipa mingi ya damu. Mpasuaji anayetaka kuifikia shingo ya kibofu kupitia tumboni hana budi kuingia katika nafasi hiyo, na hapo ndipo ujirani wa kibofu na mfupa unapopata umuhimu. Beer aliieleza hali hii mwaka 1924 kwa wagonjwa waliopasuliwa juu ya kinena, lakini katika tiba ya wanawake iliandamana zaidi na upasuaji uliotangazwa nchini Marekani mwaka 1949 na Marshall, Marchetti na Krantz. Upasuaji huo ulikusudiwa kumsaidia mwanamke ambaye mkojo humvuja anapokohoa, anapocheka au anaponyanyua ndoo ya maji. Tishu za pande mbili za mrija wa mkojo zilishonwa kwenye utando unaofunika mfupa wa kinena, ili shingo ya kibofu inyanyuke na kupata egemeo. Kwa maneno mengine, sindano na uzi viligusa mfupa kwa makusudi.

Wengi walipona bila shida yoyote. Kwa wachache, ambao idadi yao katika taarifa zilizochapishwa ni kati ya chini ya asilimia 1 na asilimia chache tu, maumivu yalianza wiki kadhaa baadaye, kidonda kikiwa kimeshafunga. Mwaka 1961 Burch alihamishia mishono kwenye kano imara ya Cooper, iliyo juu ya mfupa huo, pembeni ya kiungo cha kati. Inafaa kutajwa kwamba kilichomsukuma ni nyuzi kutoshika vizuri kwenye utando wa mfupa, wala si hofu ya osteitisi. Nafuu iliyopatikana kwa upande wa mfupa ilikuja kama faida ya ziada. Hata hivyo, tatizo halikutoweka kabisa.

Picha ya ugonjwa wenyewe ni bayana kwa anayeijua. Maumivu hukaa mbele, juu ya kiungo cha kinena, na hushuka hadi ndani ya mapaja, kwa kuwa misuli inayokutanisha mapaja imejishikiza hapo. Huzidi mgonjwa anapogeuka kitandani, anapopanda ngazi, au anaposimama kwa mguu mmoja ili avae nguo. Mwendo wake hubadilika, akawa anayumba kama bata kwa hatua fupi fupi. Mkojo unaweza kuwa safi na upasuaji ukahesabiwa kuwa umefaulu. Aidha, picha ya eksirei katika wiki za mwanzo huweza isionyeshe lolote, kwa sababu mabadiliko ya mfupa huonekana kwa kuchelewa.

Lililo gumu zaidi ni kutofautisha kuvimba huku na maambukizi ya mfupa wenyewe, yaani osteomielitisi. Hali hizi mbili hufanana kwa maumivu na huweza kufanana hata katika picha, ilhali tiba zake hupingana. Ya kwanza hutulizwa kwa mapumziko, dawa za kupunguza uvimbe na, pengine, sindano ya steroidi. Ya pili huhitaji antibiotiki kwa wiki nyingi na wakati mwingine kukwangua mfupa uliooza, na steroidi huweza kuizidisha. Homa na usaha huelekeza kwenye maambukizi, lakini kukosekana kwake hakuyaondoi. Uthibitisho wa kuaminika hutokana na kuchukua kipande cha mfupa na kuotesha vijidudu maabara, tena kabla ya mgonjwa kumeza antibiotiki, kwani dawa iliyotangulia huweza kuyafanya majibu yawe tupu.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia. Neno *kinena* lipo katika Kiswahili na maana yake ni wazi, lakini liko karibu mno na viungo ambavyo adabu hairuhusu vitajwe. Kwa hiyo mwanamke mbele ya tabibu, hasa tabibu mwanamume aliye rika la mwanawe, hutumia tafsida: “huku chini”, “kiuno”, “nyonga”. Kila neno lina mlango wake. *Nyonga* humpeleka kwenye kliniki ya mifupa, ambako huenda asiulizwe habari za kibofu. Jirani au mkunga wa jadi huweza kuyaita maumivu *chango*, na tiba ikawa mizizi. Jina lenye gharama kubwa zaidi ni “UTI sugu”, kwa kuwa humletea dozi moja ya antibiotiki baada ya nyingine, na hivyo kuharibu kipimo ambacho kingetoa jibu.

Jina hilohilo huficha tatizo jingine nadra, la enzi ya utepe. Mwaka 1996 Ulmsten na wenzake nchini Uswidi walieleza upasuaji mdogo wa kuuegemeza mrija wa mkojo kwa utepe wa polipropilini. Mishono ya kwenye mfupa ikapungua, lakini utepe nao huweza kupenya hadi ndani ya kibofu, mara nyingine miaka baadaye, na mawe yakajijenga juu yake. Mgonjwa hupata damu kwenye mkojo na maambukizi yasiyoisha. Hakuna dozi itakayomponya hadi kibofu kichunguliwe kwa kamera.

Isidhaniwe kwamba kikwazo ni msamiati wa Kiswahili pekee. Nchini Uingereza, matumizi ya utepe huo yalisitishwa kwa muda Julai 2018, na ripoti ya jopo la Julia Cumberlege ya Julai 2020 ilionyesha kuwa wanawake wengi walioeleza maumivu yao hawakusikilizwa. Hao walizungumza lugha moja na madaktari wao.

Katika Afrika Mashariki wapo wanawake ambao fistula yao imezibwa vizuri, lakini bado mkojo huwavuja wanapokohoa. Baadhi yao hufanyiwa upasuaji wa pili wa kuinua mrija wa mkojo au kuuegemeza kwa tishu zao wenyewe. Wengi hutoka mbali, na wiki ambazo maumivu ya mfupa huanza huwakuta wamesharejea kijijini, kwenye zahanati isiyojua walichofanyiwa. Mwanamke aliyeloa kwa miaka na sasa ni mkavu huweza pia kuyahesabu maumivu kuwa sehemu ya malipo, akanyamaza. Karatasi ya kutoka hospitali inayotaja aina ya upasuaji kwa Kiswahili, pamoja na swali moja la kuulizwa wiki ya sita, ingeikwepa tafsida bila kuivunja adabu: “Je, mama, ukigeuka kitandani au ukisimama kwa mguu mmoja, mfupa wa mbele unauma?”